Namna ya Kumtafuta Mhenga wa Kiayalandi na Ndugu Zake Walio Hai

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: "Babu wa mama yangu alikuwa Mwayalandi, jina lake Patrick Kelly, nianzie wapi nimpate yeye na jamaa zake?" Wanaouliza ni wa namna nyingi. Wapo waliooa au kuolewa Ulaya na Marekani, ambao watoto wao wana nusu ya ukoo huko. Wapo wajukuu wa maofisa, askari na mafundi wa reli waliokuja Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Wapo pia waliosomeshwa na padre au sista wa Kiayalandi, ambao wangependa kuwapata wapwa wa mlezi wao na kuwapa salamu ambazo hawakuwahi kuzitoa. Nimeandika hatua hizi kwa ajili yao wote, kwa sababu majibu ninayowapa yanafanana na makosa wanayoyafanya yanafanana zaidi.

Kosa kubwa kuliko yote nilitaje mapema. Mtu huingia kwenye hifadhi za Ayalandi akiwa na jina tupu, bila mahali. Patrick Kelly walikuwa maelfu, na kaunti zote 32 za kisiwa kile ziliwazaa. Kinachokutofautishia Kelly wako na wa jirani ni mahali alipozaliwa, tena si kaunti peke yake, bali kitongoji. Kazi yote iliyomo humu, tangu mwanzo hadi unapoandika barua kwa ndugu aliye hai, inazunguka hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Uwe na daftari moja au faili moja ya kompyuta, si vipande vya karatasi, ambamo kila taarifa inaandikwa pamoja na mahali ulipoipata na tarehe uliyoipata. Uwe na intaneti ya kutosha kufungua picha za nyaraka, kwa kuwa nyaraka nyingi za Ayalandi zimewekwa wazi bila malipo. Uwe na jina kamili la mhenga, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukisia, dini yake, majina ya wazazi wake au ya mkewe, na jina la ndugu yake yeyote. Dini ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu ndiyo inayoamua ni madaftari ya kanisa gani utakayofungua.

Uwe pia na subira ya miezi kadhaa. Wanaotaka kumaliza kwa wikendi moja ndio huishia kupachika ukoo wa watu wengine juu ya ukoo wao.

Hatua kwa hatua

1. Wahoji wazee wa nyumbani kwanza.

Kaa na mzee aliye hai zaidi kwa kumbukumbu, na umwache azungumze. Usimuulize tarehe; muulize majina ya utani, kazi, jina la meli, mji uliotajwa kwenye barua, wimbo uliokuwa ukiimbwa, mtu aliyekuja msibani. Tazama nyuma ya picha, ndani ya Biblia, kwenye kadi za maombezi zinazotolewa baada ya mazishi ya Wakatoliki, na kwenye bahasha ambazo bado zina mihuri ya posta. Muhuri mmoja wa posta wa kijijini unaweza kukuokolea mwaka mzima wa kazi.

Angalizo: hadithi za ukoo hubeba ukweli, lakini hubadilisha vipimo. "Alitoka Cork" mara nyingi humaanisha kwamba alipanda meli kwenye bandari ya Cork, yaani Cobh, mji ambao wakati wa utawala wa Waingereza uliitwa Queenstown. Huenda alizaliwa Kerry, Tipperary au Clare.

2. Maliza nyaraka za nchi aliyohamia kabla hujaigusa Ayalandi.

Hatua hii huwachosha watu, nao huiruka, wakati kitongoji kinapatikana huku mara nyingi zaidi kuliko kule.

Ikiwa alihamia Marekani, tafuta orodha za abiria, hati za kuomba uraia, cheti cha kifo, tanzia ya gazetini na maandishi ya kaburi. Kituo cha kupokea wahamiaji cha Ellis Island, New York, kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na abiria wa kwanza kuandikwa alikuwa msichana wa Kiayalandi, Annie Moore. Waliopita New York kabla ya hapo, tangu 1855 hadi 1890, walipokelewa Castle Garden. Kuanzia 1907 fomu ya abiria iliuliza jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyeachwa nyumbani. Ukimpata mhenga wako katika miaka hiyo, huenda ukapata jina la mama yake na kijiji chake kwa mstari mmoja. Sensa za Marekani za 1900, 1910 na 1920 zinataja mwaka aliohamia. Lipo pia gazeti la Boston Pilot, ambalo tangu 1831 hadi 1921 lilichapisha matangazo ya Waayalandi waliokuwa wakitafutana baada ya kupotezana. Mengi yanataja parokia na hata kitongoji.

Ikiwa alihamia Uskoti, shukuru: tangu 1855 vyeti vya vifo vya huko vinataja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la mama kabla ya kuolewa. Vyeti vya Australia, hasa vya Victoria, navyo ni vya ukarimu. Uingereza ni ngumu zaidi, kwa kuwa sensa zake kwa kawaida huandika "Ireland" tu na kuishia hapo.

Ikiwa alikuja kwetu Afrika Mashariki, pitia Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya, ambalo matoleo yake ya tangu 1899 yamewekwa kwenye intaneti. Humo mna matangazo ya uteuzi wa maofisa na ya mirathi ya waliofariki. Endelea na Nyaraka za Taifa za Kenya, Nairobi, kisha na Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizoko Kew, ambako mafaili ya watumishi wa ukoloni na ya wanajeshi yanatunzwa. Kwa padre au sista, liandikie moja kwa moja shirika lake la kitawa. Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka 1921. Mama Kevin, aliyezaliwa Teresa Kearney katika Kaunti ya Wicklow, alifika Uganda mwaka 1903. Shirika la Mtakatifu Patrick la Kiltegan lilianzishwa mwaka 1932. Mashirika kama haya hutunza kumbukumbu za wanashirika wao na mahali walikozaliwa, na mtunza nyaraka akielezwa vizuri nia yako huwa msaada mkubwa.

3. Jifunze ngazi za mahali.

Kisiwa kizima kimegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, ambavyo kwenye nyaraka utaviona vikiitwa "townland". Kitongoji kinaweza kuwa na nyumba 3 au 40, na hakina maana ya mji hata kidogo. Juu yake ipo parokia ya kiserikali, juu yake baroni, kisha kaunti. Pembeni mwa ngazi hiyo zimepita mistari mingine miwili: parokia ya Kikatoliki, ambayo mipaka yake ni tofauti na ile ya kiserikali na mara nyingi ina jina tofauti kabisa, na wilaya ya usajili, ambayo ilifuata mipaka ya vyama vya kuwahudumia maskini vya karne ya 19 na inaweza kukatiza katika kaunti mbili.

Kwa mfano, aliyezaliwa Mayo hatakuwa ameandikwa chini ya "Mayo" kwenye faharasa ya vizazi. Ataandikwa chini ya Ballina, Castlebar, Westport, Swinford, Claremorris, Ballinrobe au Belmullet. Asiyejua hilo hutafuta Mayo, hukosa, na kuamua kwamba cheti kimepotea.

Tumia tovuti ya logainm.ie kuhakiki jina la mahali, maumbo yake ya Kigaeli na tahajia zake za zamani. Angalia pia kwamba majina hurudiwa: Kilmore zipo nyingi mno, kwa hiyo usiishike ya kwanza unayoiona.

4. Fungua rejesta za serikali.

Usajili wa ndoa zisizo za Kikatoliki ulianza tarehe 1 Aprili 1845, na usajili wa vizazi, ndoa na vifo vya watu wote ulianza tarehe 1 Januari 1864. Picha za kurasa zenyewe zipo bure katika tovuti ya serikali ya irishgenealogy.ie: vizazi vya zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndoa za zaidi ya miaka 75 na vifo vya zaidi ya miaka 50. Kwa kaunti sita za kaskazini zilizobaki chini ya Uingereza, yaani Antrim, Armagh, Down, Fermanagh, Londonderry na Tyrone, tovuti hiyo inakufikisha 1921 tu. Yaliyofuata yako kwa Msajili Mkuu wa Ayalandi ya Kaskazini, Belfast, ambako unalipia kila ukurasa unaoutazama.

Soma ukurasa wote, si jina peke yake. Cheti cha kuzaliwa hutaja mahali, baba na kazi yake, mama na jina lake la usichanani, na mtoa taarifa. Cheti cha ndoa hutaja baba wa bwana na baba wa bibi harusi, ila kwa miaka mingi hakikutaja mama. Cheti cha kifo cha Ayalandi cha miaka hiyo hakitaji wazazi, lakini mtoa taarifa aliyekuwapo wakati wa kifo mara nyingi ni mtoto, mkwe au mpwa, naye ni uzi wa kuushika.

Maangalizo mawili. Tarehe huandikwa siku kwanza, kisha mwezi, kwa hiyo 3/4/1871 ni tarehe 3 Aprili. Na usiiamini sana tarehe ya kuzaliwa: waliochelewa kusajili walitozwa faini, basi wazazi wengi waliisogeza mbele tarehe ili kuikwepa. Utakuta mtoto aliyebatizwa wiki mbili kabla ya "kuzaliwa". Hapo daftari la ubatizo ndilo la kuaminiwa.

5. Soma sensa za 1901 na 1911.

Hizi mbili zimebaki nzima, na Nyaraka za Taifa za Ayalandi zimeziweka wazi bure. Sensa ya 1911 ina hazina ya pekee: mwanamke aliyeolewa aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi waliozaliwa wakiwa hai, na wangapi kati yao wangali hai. Ikiwa aliandika 9 na nyumbani mna 4, unajua wapo wa kuwatafuta Boston, Glasgow au makaburini. Sheria hufunga sensa kwa miaka 100, na inayofuata ni ya 1926. Kwa upande wa kaskazini, sensa ya 1926 haikusalia.

Usishangae mtu kuzeeka miaka 15 kati ya 1901 na 1911. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofikisha miaka 70, na wengi ambao hawakuwa na cheti walijikumbusha umri kwa namna iliyowafaa. Kama sensa mbili zinagongana, chukua umri wa 1901.

Ya kabla ya hapo ni habari ya kusikitisha. Sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe, za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na zile za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote tarehe 30 Juni 1922, Hifadhi ya Nyaraka ya Dublin ilipolipuka katika mapigano ya mwanzo wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo usipoteze siku ukiitafuta sensa ya 1881. Kinachoweza kuokolewa kinakusanywa katika mradi wa Virtual Record Treasury of Ireland, ulio wazi bure tangu Juni 2022, na inafaa kuupitia mara moja moja kwa kuwa unaongezewa nyaraka.

6. Ingia kwenye madaftari ya kanisa.

Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeweka kwenye intaneti, tangu Julai 2015, picha za madaftari ya parokia za Kikatoliki hadi mwaka 1880 hivi. Kutazama ni bure kwa registers.nli.ie, ila huwezi kutafuta kwa jina. Unachagua parokia na kusoma ukurasa baada ya ukurasa. Faharasa za majina zimetengenezwa na kampuni za nasaba za Ancestry na Findmypast, na vituo vya urithi vya kaunti vina ya kwao katika RootsIreland, ambayo ni ya kulipia. Ushauri wangu: lipia mwezi mmoja tu, ukiwa umeandaa orodha ya kila unachotaka kukitafuta.

Madaftari mengi yako kwa Kilatini. Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Joannes ni John, Brigida ni Bridget. Majina ya wasimamizi wa ubatizo yaandike yote, kwa sababu mara nyingi ni shangazi na wajomba wa mtoto, na watakutofautishia Patrick Kelly wawili waliozaliwa mwaka mmoja katika parokia moja.

Kwa Waanglikana wa Church of Ireland, madaftari mengi yaliungua mwaka 1922. Uliza kwanza kama ya parokia yako yalisalia. Kwa Wapresbiteri, anzia PRONI, hifadhi ya nyaraka ya Belfast.

7. Fuata ardhi.

Tathmini ya Griffith, yaani ukadiriaji wa thamani ya ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, ilichapishwa kaunti kwa kaunti kati ya 1847 na 1864, na inamtaja kila mwenye kaya au shamba, mwenye ardhi aliyempangisha, na namba ya kiwanja kwenye ramani. Unaitazama bure katika askaboutireland.ie. Iliangukia wakati wa Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 na miaka iliyofuata, ambapo watu wapatao milioni moja walikufa na wengine milioni moja au zaidi wakahama, basi kukosekana kwa mhenga wako humo nako ni habari. Kwa kipindi cha kabla yake vipo Vitabu vya Zaka vya 1823 hadi 1837 hivi, ambavyo havitaji wakazi wa mijini wala wengi wa wasio na shamba.

Lakini Griffith si mwisho. Wakaguzi waliendelea kurudi, na kila mpangaji alipobadilika walikata jina la zamani kwa wino wa rangi na kuandika jipya pamoja na mwaka. Vitabu hivyo vya masahihisho vipo kwa Tailte Éireann, wakala wa serikali wa ardhi na tathmini, Dublin, navyo vinafuata kiwanja kimoja tangu katikati ya karne ya 19 hadi karibu miaka ya 1970. Vya kaunti sita za kaskazini, vya 1864 hadi 1933, vimewekwa bure na PRONI. Huku ndiko ninakokupenda kuliko kote, kwa sababu kiwanja kinatoka kwa baba kwenda kwa mjane, kwa mjane kwenda kwa mwana, kwa mwana kwenda kwa mpwa, na ghafla una jina la mtu aliyekuwa akilima palepale wakati wazazi wako wamekwisha kuzaliwa.

8. Teremka kwa ndugu za mhenga, usipande tu.

Wengi hupanda kutafuta baba wa baba wa baba, kisha hulalamika kwamba hawajampata aliye hai. Walio hai hawako juu. Wako kwa waliobaki. Chagua kaka au dada wa mhenga wako ambaye hakuhama, kisha mfuate yeye kwa ndoa, watoto, wajukuu na vitukuu.

Mpangilio wa majina utakusaidia, maana familia nyingi ziliufuata: mwana wa kwanza aliitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, binti wa kwanza kwa bibi mzaa mama, wa pili kwa bibi mzaa baba. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa makabila yetu mengi yana desturi inayokaribiana nayo. Uuchukue kama dokezo, usiuchukue kama ushahidi.

Ukifika miaka ambayo rejesta zimefungwa, hamia kwenye matangazo ya misiba. Waayalandi hutangaza vifo kwa ukamilifu kama sisi: jina la marehemu, kitongoji chake, jina la ukoo la mjane kabla ya kuolewa, watoto, wakwe, wajukuu, na nani alitangulia. Tanzia za miaka ya karibuni ziko katika rip.ie, na za zamani katika magazeti ya kaunti. Tanzia moja ya mjukuu wa aliyebaki inaweza kukupa majina ya watu kumi walio hai. Ongeza mawe ya makaburi, ambayo mara nyingi hubeba vizazi vitatu, na wasia ulioko Nyaraka za Taifa, Dublin, au PRONI.

Kisha waulize wenyeji. Shirika la Ireland Reaching Out lina watu wa kujitolea wanaoshughulikia parokia mojamoja. Padre wa parokia, chama cha historia cha eneo na klabu ya GAA, chama cha michezo ya asili kilichoanzishwa mwaka 1884, huwajua wenye nyumba kwa majina. Uliza swali dogo lenye mahali: "Je, wapo akina Kelly waliotoka kitongoji hiki?" Ukiuliza swali kubwa utapata ukimya.

9. Tumia DNA kuthibitisha.

Kipimo cha kawaida cha mate hupima urithi wa pande zote na hufaa hadi vizazi vitano hivi. Mpime mzee kuliko wote aliye hai katika upande huo, kwa sababu yeye amebeba sehemu kubwa zaidi. Urithi wa pamoja hupimwa kwa sentimogani, kipimo cha ukubwa wa DNA mnayoshiriki. Kwa wastani, waliochangia babu na bibi hushiriki takriban 870. Waliochangia wazazi wa babu au bibi, takriban 230. Waliochangia babu na bibi wa babu au bibi, takriban 75, na baadhi ya hawa wa mwisho hawashiriki chochote kinachoonekana. Matokeo yako unaweza kuyapakia kwenye tovuti ya GEDmatch pia, ili uonane na waliopimwa na kampuni nyingine.

Asilimia za asili, kwamba una Uayalandi wa 12 au 25 kwa mia, ziweke kando. Ndugu hupatikana kwenye orodha ya wanaofanana nawe.

Angalizo zito: kipimo kinaweza kufunua baba asiyetarajiwa au mtoto aliyefichwa. Mweleze mzee hivyo kabla hajatoa mate, na uheshimu akikataa.

10. Andika barua ya kwanza.

Iwe ya ukurasa mmoja, ya Kiingereza chepesi. Jitambulishe, taja mhenga mnayechangia na kitongoji chake, eleza kwa sentensi moja jinsi ulivyolifikia jina lake, weka mchoro mdogo wa ukoo na nakala ya picha moja, kisha uliza swali moja. Tangu 2015 kila nyumba ina namba ya posta iitwayo Eircode, lakini huko mashambani jina la mtu na kitongoji mara nyingi hutosha.

Usitaje shamba, hati wala urithi. Sisi tunaojua jinsi kiwanja kinavyoweza kugombanisha ndugu tunaelewa kwa nini mkulima wa Roscommon anaweza kushtuka akipokea barua ya mgeni anayemjua babu yake na mipaka ya shamba lake. Usiulize pia habari za uraia katika barua ya kwanza. Aliye na babu au bibi aliyezaliwa Ayalandi anaweza kuomba kuandikwa katika Rejesta ya Vizazi vya Nje, na hilo linahitaji vyeti, si hisani ya binamu. Na usitangaze hadharani majina, picha au tarehe za watu walio hai bila ruhusa yao.

Ukikwama

*Jina la ukoo halionekani popote.* Jaribu kwa O na bila O, kwa Mac na Mc na bila vyote: O'Reilly na Reilly ni mlango mmoja. Kumbuka kwamba majina ya Kigaeli yalitafsiriwa, hivyo Smith wa Cavan mara nyingi ni Mac Gabhann, yaani McGowan, na King wa Connemara mara nyingi ni Mac Conraoi.

*Jina la kwanza halilingani.* Bridget aliitwa pia Biddy, Delia na Bedelia. Honora aliitwa Nora na Hanora. Jeremiah aliitwa Darby. Delia aliyekufa Chicago anaweza kuwa Bridget aliyebatizwa Galway.

*Umepata watu wawili wenye jina moja na umri mmoja.* Usichague kwa kubahatisha. Wafuate wote wawili hadi mmoja afe, aolewe au aonekane kwenye sensa ya 1911. Anayebaki ndiye wako, ikiwa wasimamizi wa ubatizo na kazi ya baba havipingi.

*Hujui kaunti hata moja.* Angalia jina la ukoo lilikojaa zaidi wakati wa Griffith, kupitia ramani za majina za johngrenham.com, kisha chunguza majirani na wasimamizi wa ndoa wa mhenga wako ugenini. Waayalandi walihama kwa makundi ya kijiji kimoja, na jirani aliyeandikiwa mahali pake anaweza kukupa mahali pa wako.

*Mhenga alilelewa na watu wengine, au alitolewa akiwa mtoto.* Sheria ya Taarifa za Kuzaliwa na Ufuatiliaji ya 2022 inampa mhusika haki ya kupata taarifa zake, na tangu Oktoba 2022 maombi hupokelewa na Tusla, wakala wa watoto na familia, na Mamlaka ya Kuasili ya Ayalandi. Ipo rejesta ambamo kila upande unaeleza kama ungependa kuwasiliana. Jiandikishe humo hata kama huna jina.

*Barua haijajibiwa.* Subiri miezi mitatu, kisha andika mara moja tena, safari hii kwa ndugu mwingine aliyetajwa katika ile tanzia, hasa binti au mjukuu wa kike. Katika koo nyingi nilizozifuata, aliyekuwa na picha na barua za zamani alikuwa mwanamke, na hakuwa yule aliyerithi nyumba.